Kununua Yoti: Neno kwa Ndugu Zetu Wenye Uwezo

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatiishia waja wake bahari wakatafuta humo riziki na mapambo, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake.

Ama baad. Imetufikia katika darsa yetu barua ya ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, mmoja akaa Mombasa na wa pili yuko Dubai kwa kazi tangu miaka mingi. Watuuliza hukumu ya jambo ambalo, kwa tulivyoisoma barua yao, wamekwisha kulinuia: kununua yoti ya injini, ya urefu wa mita 17, iliyokwisha kutumika miaka kumi, inayouzwa huko Ghuba. Wataka kuileta mpaka Mtwapa, waitumie wao na watu wao siku za sikukuu, na siku nyingine waikodishe kwa wageni. Fedha walizo nazo mkononi ni thuluthi ya bei. Thuluthi mbili watakopa benki kwa riba, na rehani itakuwa nyumba ya marehemu baba yao iliyoko Mji wa Kale, ambayo mpaka leo haijagawanywa, na ndani yake akaa mama yao na mmoja wa dada zao watatu. Mwisho wa barua wamesema: Je, ubaya uko wapi, nasi ni watu wa bahari, na babu zetu walikuwa manahodha?

Twawashukuru kwa kuuliza kabla ya kutia saini, kwani wengi huja kuuliza baada ya saini, na wakati huo mwanachuoni hana la kuwapa ila pole. Hatukuwataja majina wala hatutawataja. Jawabu tumelitoa hapa mbele ya wote kwa sababu twajua wako wengine wenye fikira hii hii, ama ya yoti, ama ya kitu kilicho mfano wake.

Twaanza kwa hukumu yenyewe, isije ikadhaniwa kuwa twaizungukazunguka. Yoti si haramu. Asili ya vitu ni halali mpaka ije dalili ya kuviharamisha, na chombo cha baharini ni katika neema ambazo Mwenyezi Mungu amezitaja mara nyingi katika Kitabu chake na kutukumbusha tuzishukuru. Mtu mwenye mali ya halali, aliyetoa zaka yake, asiyedaiwa, na jamaa zake wasiokosa matumizi, akinunua chombo cha kupunga upepo na watoto wake, hatuna haki ya kumnyoshea kidole. Tumewasikia baadhi ya watu wetu wakisema kuwa kila kitu kipya cha matajiri ni israfu. Msemaji huyo huyo aliuza shamba mwaka jana ili afanye harusi ya siku saba, na mpaka leo mwenye kukodisha viti amdai! Israfu si jina la kitu fulani. Israfu ni kupita kiasi, na kiasi cha kila mtu hupimwa kwa mali yake na haki za watu zilizomo katika mali hiyo.

Hata wasiokuwa Waislamu wameona kuwa jambo hili si la kukatwa kwa upanga mmoja. Marekani mwaka 1990 walitunga sheria ya kutoza kodi ya anasa, na vyombo vya starehe vilivyozidi bei ya dola 100,000 vikatozwa asilimia 10 ya kile kilichozidi. Kodi ikaanza mwaka 1991. Wenye viwanda vya mashua wakalia kuwa wanaoumia ni maseremala, mafundi wa umeme na wapaka rangi waliokosa kazi, kwani tajiri asiponunua mashua hulala usingizi wake kama kawaida. Mwaka 1993 kodi hiyo ikaondolewa. Basi tusidhani kuwa kila tajiri anaponunua chombo, maskini amepungukiwa. Huenda fundi amepata riziki yake.

Ama hoja ya babu zetu kuwa manahodha, hii ni hoja tamu masikioni, nasi twataka kuitazama kwa makini, kwa sababu ndiyo iliyobeba barua nzima.

Katika Suratul Kahf imo habari ya jahazi iliyotobolewa na mja mwema aliyesafiri na Nabii Musa. Wenye jahazi hiyo walikuwa maskini wakifanya kazi baharini, na mbele yao alikuwako mfalme akichukua kila chombo kwa nguvu, ikawa kutiwa aibu chombo kile ndiko kuokoka kwake. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wametoa katika habari hii hukumu ya ajabu: kuwa mtu aweza kumiliki jahazi, tena jahazi ya safari za baharini, na bado Qur'ani ikamwita maskini. Kwa hiyo wakasema fakiri ni mwenye dhiki zaidi kuliko maskini, kwa kuwa maskini ana kitu lakini hakimtoshi. Tuliposoma barua ya ndugu zetu tuliikumbuka hukumu hii, maana tumeona dalili kuwa wao wataka kuingia katika umaskini huo kwa hiari yao. Ila wale wa katika sura jahazi yao iliwalisha, na hawa yoti yao itataka kulishwa na wao.

Na hii ndiyo tofauti baina yao na babu zetu. Majahazi yaliyokuwa yakitia nanga katika bandari ya kale ya Mombasa yalikuja kwa kaskazi, yakiwa na tende na samaki wakavu na mazulia, na yakirudi kwa kusi yalichukua boriti za mikoko. Upepo haukuwa na bei. Na mabaharia wake hawakulipwa mshahara, bali walikuwa na mafungu: zikishatolewa gharama za safari, faida hugawanywa baina ya mwenye chombo na nahodha na mabaharia kwa desturi inayojulikana. Chombo kilikuwa ni duka, ni ghala, na ni shamba. Hapana nahodha katika babu zetu aliyeweka nyumba rehani ili apate kutembea Mtwapa jioni.

Sasa tuitazame hiyo yoti yenyewe, kwani kuhukumu jambo ni tawi la kulielewa. Chombo cha mita 17 cha namna hii kimetengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa utomvu, na tumboni kina injini mbili za dizeli, mara nyingi kila moja ya nguvu za farasi 800 hivi. Umbo lake ni la kuinuka juu ya maji na kuteleza, wala si la kuyapasua kama jahazi, na kuinuka huko ndiko kunakonywa mafuta. Injini ya dizeli ikikazwa hadi mwisho hula kadiri ya moja katika tano ya lita kwa kila nguvu moja ya farasi kwa saa. Basi nguvu 1,600 ni kama lita 300 kwa saa moja. Haikazwi hivyo siku zote. Kwa mwendo wa kawaida wa maili 25 za baharini kwa saa, tukadirie lita 220. Kutoka Mombasa hadi Lamu ni maili 130 hivi za baharini, kwa hiyo safari ya saa tano na kidogo itakula zaidi ya lita 1,100 kwa kwenda tu, na kurudi ni nyingine kama hizo. Nahodha mwenye busara akipunguza mwendo hadi maili 8 kwa saa, matumizi hupungua sana. Lakini ni nani anunuaye farasi wa mbio akakubali kumwongoza kwa mwendo wa punda?

Tena chombo hicho hakiwezi kuja chenyewe kutoka Dubai. Masafa ni zaidi ya maili elfu mbili za baharini, na matangi yake yakijaa, kwa mwendo wake wa kawaida hakipiti maili 300. Hakina budi kupakiwa juu ya meli ya mizigo, kimefungwa juu ya magogo yake, na ujira wa meli ni juu ya mnunuzi, na juu yake bima ya safari, na ushuru wa forodha kikifika. Katika barua hatukuona hesabu ya haya. Jahazi ya babu yao ilikuwa ikiifanya njia hiyo hiyo bila ya tone la mafuta. Hatusemi turudie matanga, twasema tu kuwa anayemtaja babu yake ni wajibu amtaje na hesabu zake.

Kisha utunzaji. Wazee wetu walikuwa wakikipandisha chombo pwani maji yakipwa, wakakipaka deheni ya chokaa na shahamu chini, na sifa ya mafuta ya papa juu, na fundi akapiga kalafati pale palipovuja. Kazi hiyo haikuisha, nao hawakutazamia iishe. Yoti nayo ina deheni yake, ni rangi ya sumu ya kuzuia chaza na mwani kushika, nayo hupakwa kila mwaka au karibu na hivyo, na katika maji yetu ya joto viumbe hivyo havisubiri. Ina vipande vya zinki chini ya maji karibu na rafadha, vilivyowekwa makusudi ili viliwe na chumvi badala ya vyuma vingine, na vikishaliwa visipobadilishwa, zamu ni ya rafadha yenyewe. Ina pampu za maji ya bahari za kupoza injini, na ndani ya kila pampu mna gurudumu dogo la mpira. Kigurudumu hicho kikikatika, injini ya maelfu ya dola hupata moto ikafa. Ina jenereta, ina mashine ya baridi, ina betri, ina mifereji ya choo. Chumvi haina sikukuu. Na ajabu ya vyombo hivi ni kuwa huharibika zaidi vinapokaa kuliko vinapotembea, ilhali vingi katika gati za dunia hushinda vimekaa.

Wenyewe wenye vyombo hivi wana kanuni yao ya kukadiria: kila mwaka weka kando asilimia 10 ya bei ya chombo kwa ajili ya gati, rangi, mafundi, bima, mafuta na mabaharia. Si hesabu ya msahafu, mwaka mmoja yaweza kupungua na mwaka mwingine ikapindukia, lakini haijawapoteza wengi. Tuchukulie mfano, bei ni dola 450,000. Ndugu zetu wana 150,000 na watakopa 300,000. Tuchukulie riba ni 8 kwa mia kwa mwaka, walipe kwa miaka kumi. Kila mwezi watalipa karibu dola 3,640, na mwisho wa miaka kumi watakuwa wamelipa benki karibu 437,000, yaani deni lao na riba ya 137,000 juu yake. Utunzaji wa miaka hiyo kumi ni 450,000. Jumla imepita dola milioni moja, kwa chombo cha 450,000, ambacho siku ya kumalizika deni kitakuwa na umri wa miaka ishirini. Hatukutia ujira wa meli wala ushuru.

Juu ya riba hatuhitaji kurefusha, maana kila aliyesoma juzuu mbili ajua kuwa Mwenyezi Mungu hakutangaza vita katika Kitabu chake kwa dhambi ya mali kama alivyotangaza kwa riba. Wako wanaosema kuwa wanalazimika. Twauliza: kulazimika kwa yoti? Dharura iliyohalalisha mzoga ilikuwa ni njaa ya kufa. Mtu asiyekuwa na yoti hafi, wala haugui, wala mkewe hamkimbii. Na akimkimbia kwa sababu hiyo, basi hilo ni jambo jingine la kuulizwa mbali.

Wala mtu asituambie kuwa hapana njia nyingine. Tangu mwaka 2008 ziko katika Kenya benki zilizofunguliwa kwa ajili ya muamala usio na riba, na katika Ghuba zilikuwako kabla ya hapo. Njia ya murabaha ni halali: benki hununua chombo, ikakimiliki kwa kweli, kikawa dhamana yake kikizama au kuungua, kisha hukuuzia kwa bei iliyo wazi na faida iliyotajwa, ukalipa kidogo kidogo. Lakini angalia sana lile la kati. Ikiwa benki haikununua kitu wala haikubeba hatari yoyote, bali ilikupa fedha ukaenda kununua mwenyewe kisha ukatia saini karatasi yenye jina la Kiarabu, hiyo ni riba iliyovishwa kanzu. Na hata murabaha iliyo safi, deni ni deni. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na mzigo wa deni, na alipata kuacha kumsalia maiti mwenye deni mpaka sahaba mmoja alipojitolea kulilipa. Mwenye kulikumbuka hilo hakopi kwa starehe.

Kabla ya kuiacha bei, tuseme na juu ya muuzaji. Biashara ya vyombo vilivyotumika ni biashara ya vitu vilivyofichika, na aibu zake ziko chini ya maji na nyuma ya mbao zilizong'arishwa. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akakuta lundo la nafaka, akatia mkono ndani yake akakuta umaji, akamkemea mwenyewe kwa kuificha iliyorowa isionekane na watu. Kwa hiyo ni wajibu wa muuzaji wa yoti aseme: kamba za nyuzi zimeingia maji hapa, injini hii ilipata moto mwaka fulani, chombo kilipanda mwamba. Na mnunuzi akikuta aibu ya zamani iliyofichwa, sharia imempa haki ya kurudisha. Lakini haki hiyo kuifuata ng'ambo ni kazi nzito, basi ajilinde mapema. Amweke mkaguzi wake mwenyewe, asiyekuwa rafiki wa dalali. Chombo kipandishwe chelezoni, kigongwe kwa nyundo kila mahali na kupimwa umaji uliomo ndani ya ubavu. Mafuta ya injini yachukuliwe yakachunguzwe kama yana vumbi la chuma. Kisha kipelekwe baharini mpaka injini zikazwe. Pia kina kibao chenye herufi ya daraja lake kwa sheria ya Ulaya: B ni chombo kilichokusudiwa upepo usiopita nguvu ya 8 na mawimbi yasiyopita mita 4, na C ni upepo wa 6 na mawimbi ya mita 2. Mwenye C asifanye ujuba wakati wa kusi na watoto ndani.

Tuje kwenye nyumba, na hapa ndipo tulipokosa usingizi.

Marehemu ameacha mke, watoto wawili wanaume na watatu wanawake. Mirathi yake iko wazi, hata mwanafunzi wa mwanzo aweza kuigawa. Mke ana thumuni. Zimebaki thumuni saba. Kila mwanamume ana mafungu mawili na kila mwanamke fungu moja, jumla mafungu saba, kwa hiyo kila fungu limekuwa thumuni kamili. Mama thumuni moja, dada watatu thumuni tatu, na ndugu wawili kila mmoja thumuni mbili. Ndugu zetu hawa wana nusu ya nyumba, wala hawana zaidi ya nusu. Nusu ya pili ni ya wanawake wanne. Nao wataka kuiweka nyumba nzima rehani!

Wala hawakufanya hivi kwa ubaya, twawadhania mema. Wamefanya kama wanavyofanya watu wetu wengi, kwamba nyumba ya baba ikiachwa bila kugawanywa miaka kumi au ishirini, wanaume huiona kuwa ni yao na wanawake huonekana kuwa ni wageni wanaostahiwa. Hapana mila iliyotuharibia mirathi katika pwani hii kuliko mila hii. Dada akidai fungu lake huambiwa ana tamaa, na asipodai husemwa ameridhika. Ridhaa iliyotolewa kwa haya si ridhaa. Mwanamke aliyewekwa sebuleni, kaka zake wawili mbele yake na mjomba ubavuni, akaambiwa "weka kidole hapa, dada," huyo hakuridhika, ameona haya tu, na mali iliyochukuliwa kwa haya wanavyuoni wameihesabu pamoja na iliyochukuliwa kwa nguvu. Wamfikirie mama yao. Ikiwa wageni watakuwa wachache kwa misimu miwili, na ikiwa injini moja itakufa, benki haitaichukua yoti peke yake, kwani yoti itakuwa haitoshi. Itamjia bibi huyu katika chumba alichozalia watoto wake, imtoe kwa sababu ya chombo ambacho huenda hajakipanda hata mara moja.

Ama kuikodisha yoti, asili yake ni ijara ya halali, na riziki yake njema. Lakini twawaomba wafanye hesabu ya wateja kwa ukweli. Wengi wanaokodi vyombo hivi kwa siku hutaka kuleta vinywaji vyao, na wakizuiwa huenda kwa jirani. Mwenye kukodisha chombo huku ajua kuwa kinakodiwa kwa ulevi ameshirikiana nao katika dhambi, hata asipoonja. Basi watoe katika daftari lao siku zote za namna hiyo, kisha watazame siku zilizobaki kama zatosha kulipa dola 3,640 kila mwezi. Kama hesabu yao yasimama kwa ulevi tu, imekwisha kuanguka.

Kisha wako watu wengine ambao haki zao zimo katika chombo. Nahodha na baharia wawe na ujira uliotajwa na siku yake, walipwe kabla jasho halijakauka kama tulivyofundishwa, msimu uwe mzuri au mbaya, isiwe "ngoja wageni waje." Wako wavuvi wa madau na ngalawa ndani ya vijito. Yoti ikipita kwa kasi huacha nyuma yake wimbi linaloweza kuijaza ngalawa maji na kukokota madema ya mtu mzima aliyeamka alfajiri. Hiyo ni dhuluma, hata mwenye usukani asipogeuka kutazama. Mlangoni mwa kijito punguza mwendo. Na nanga isitupwe juu ya matumbawe. Yale ya Malindi na Watamu yamelindwa na serikali tangu mwaka 1968, lakini hata yasiyolindwa na serikali ni nyumba za samaki, na samaki ni riziki ya watu. Tumbawe lililovunjwa kwa dakika moja lilijengwa kabla hujazaliwa. Maji ya choo nayo yasimwagwe kijitoni, mahali watoto wanapoogelea. Tumekatazwa kujisaidia njiani na kwenye maji yaliyotuama, na kuwa na choo cha kifahari hakukuondoi katika katazo hilo.

Juu ya forodha twasema neno moja: ankara mbili, moja ya kweli ya kuwekwa nyumbani na moja ya bei ndogo ya kuonyeshwa serikalini, ni uongo ulioandikwa. Mwenye kufanya hivyo asije akatuuliza juu ya wudhu wake baharini.

Na zaka, kwa kuwa ndugu hawa wameiuliza pembeni mwa barua. Yoti ya kutumia mwenyewe haina zaka, kama nyumba ya kukaa na kipando cha kupanda. Yoti ya kukodisha, zaka haiko katika chombo bali katika fedha zinazopatikana, zikibaki mkononi mwaka mzima na kufika kiwango, nacho ni thamani ya mithkali 20 za dhahabu, karibu gramu 85. Hutolewa moja katika arubaini. Ama mwenye kununua kwa nia ya kuuza apate faida, huyo chombo chake ni bidhaa, atathamini kila mwaka kwa bei ya soko ya siku hiyo na kutoa moja katika arubaini ya thamani yote. Tumewaona wengine wakibadili nia kila inapokaribia Ramadhani. Nia hiyo yajulikana inakoelekea.

Basi jawabu letu kwa ndugu hawa wawili ni kuwa yoti hii, kwa njia hii, haiwafalii. Si kwa sababu ni yoti, bali kwa sababu thuluthi mbili yake ni riba na rehani yake nusu ni mali ya wengine. Wana dola 150,000, na hizo ni mali nyingi. Kwa sehemu ndogo ya hizo waweza kukodi motaboti siku ya pili ya Idi, wakawapakia mama yao na dada zao na watoto wote, wakaenda na kurudi, na jioni wakaikabidhi kwa mwenyewe ahangaike nayo na zinki zake. Wakitaka biashara ya bahari, wako wavuvi wengi hapa wenye ujuzi wasio na vyombo. Mali kwa huyu na kazi kwa yule, na faida kwa kadiri waliyoandikiana, ndiyo mudharaba aliyoifanya Mtume wetu kwa mali ya Bibi Khadija kabla ya utume. Hiyo ndiyo iliyo karibu na kazi ya babu zao.

Lakini kabla ya hayo yote, nyumba igawanywe. Mahakama ya Kadhi iko Mombasa na kazi hii ni katika kazi zake. Kila mmoja aandikiwe thumuni zake, kisha mwenye kutaka kubaki pamoja abaki kwa hiari yake na mwenye kutaka kuuza fungu lake auze. Kila mwanamke aulizwe peke yake, na mtu asiyekuwa kaka yake. Na ndugu zetu wakituandikia tena juu ya nyumba hiyo, twapenda barua iwe na saini sita, ya mama ikiwa ya kwanza.